Kwa Mama Mkwe, Kuhusu Betri Inayouawa kwa Shikamoo

Banda la vifaa,
Nyuma ya jengo la kufulia,
Hospitalini.

Kwa Mheshimiwa Mama Mkwe,
Dereva Mstaafu wa Gari la Wagonjwa,
Nyumba ya pili kutoka uzio wa hospitali.

YAH: MASHINE YA KUKATA NYASI KUISHIWA BETRI KWA SABABU YA WEWE KUSALIMIWA

Mheshimiwa Mama, shikamoo.

Hiyo shikamoo nimeiandika nikiwa nimesimama. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo ya rangi, kalamu mkononi, nikafika kwenye neno lenyewe na miguu ikanyanyuka bila kuniuliza. Sasa nimekaa tena. Tatizo langu lote ni hilo, Mama, na laiti ningefanya kazi juu ya ndoo nisingekusumbua. Ndoo haina betri.

Nikueleze tangu mwanzo, maana wewe ni dereva wa siku nyingi na hupendi mtu akuanzie habari katikati. Mashine yangu unaijua: ile nyekundu ya kukata nyasi, ya kupanda, yenye usukani, kiti cha kuegemea na taa mbili mbele. Kabla haijaletwa nilikuwa mtu wa fyekeo. Nilianzia getini asubuhi, na nikifika chumba cha maiti, nyasi za getini zimeshaota tena. Mgongo ulipinda hata nikawa nawatambua wafanyakazi wenzangu kwa viatu vyao. Daktari mkuu aliponunua viatu vipya nilimpita wiki nzima bila kumsalimu, ikawa kesi.

Leo nakata nyasi nimekaa. Mama, nimekaa! Wagonjwa wa wodi ya mifupa wananipungia dirishani kwa mikono ile isiyo na plasta. Mimi katika maisha yangu sijawahi kupungiwa mkono na watu wengi kwa pamoja, isipokuwa siku nilipokuwa nimeegesha baiskeli kwenye njia ya magari ya wagonjwa, na siku hiyo walikuwa hawanisalimu. Nikiwa juu ya kile kiti najiona mtu. Nasema hivi bila aibu kwa sababu wewe uliwahi kuwa na kiti chako, na nimesikia kwamba siku ya kustaafu ulikaa ndani ya gari mpaka wakakubembeleza utoke.

Sasa kiti hicho kinataka kuniponyoka. Mashine imekuwa ikifa betri. Inaamka asubuhi na nguvu zake, ikifika kwenye bustani ya mbele inazima, na ukigeuza ufunguo inasema tik, basi. Wapagazi wa machela wameisukuma hadi bandani mara nyingi kiasi kwamba sasa wanakuja wenyewe wakiwa na machela. Katibu wa Hospitali akaniita ofisini, akanieleza kwa upole ambao ulinitisha kuliko kelele, kwamba wakaguzi wanakuja Jumatatu, na ikiwa mashine itafia mbele yao, ataipeleka hospitali ya pili yenye watu wanaojua kutunza vitu, na mimi nitarudi kwenye fyekeo. Fyekeo lenyewe liko hapa ukutani. Naandika nikiwa nimeligeuzia mgongo.

Kwa hiyo tukaanza uchunguzi. Fundi umeme wa hospitali, yule anayeitwa Bwana Volti, ambaye huchomeka bisibisi sikioni kama daktari na kipimo chake, alikuja siku ya kwanza na kutamka hapohapo, bila hata kufunua boneti, kwamba ni panya. Tukatafuta panya. Hatukupata panya, tukapata sandali yangu. Siku iliyofuata akamtuhumu mlinzi wa getini kwamba anachaji simu kwenye mashine, mlinzi akakasirika hadi leo ananikagua mfuko ninapoingia kazini. Halafu akailaumu betri yenyewe. Tukaweka nyingine, nzuri, iliyokuwa akiba ya gari la wagonjwa. Nayo ikafa bustani ya mbele, palepale.

Ndipo akaleta ile taa yake ndogo ya kupimia. Alichomoa waya wa hasi kwenye betri, akaweka taa katikati, kati ya waya na betri, mashine ikiwa imezimwa na ufunguo nimeushika mimi. Akanieleza kwamba taa ikiwaka, kuna kitu kinanyonya umeme kwa siri, na tutachomoa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka tumkamate mwizi. Tukainama wote wawili, tukaikodolea macho. Haikuwaka. Akaipuliza. Haikuwaka. Akaijaribu kwenye betri moja kwa moja, ikawaka vizuri kabisa. Maana yake, Mama, mashine ikiwa imelala hakuna kinachovuja hata kidogo.

Mtu mwingine angekubali. Bwana Volti, kwa kuwa alishawaahidi watu wa foleni ya dawa kwamba mwizi atapatikana, alichukua kiti cha plastiki na chai yake, akakaa barazani na kunitazama nikifanya kazi asubuhi nzima. Ukapita wewe. Akapita mwenzako mkunga. Ukarudi wewe. Mashine ikafa. Bwana Volti akainuka, akamwaga chai, akatangaza kwa sauti iliyofika maabara kwamba ugonjwa umejulikana: mashine ni nzima kama siku iliyozaliwa, kinachokula betri ni adabu yangu.

Mama, chini ya kiti cha ile mashine kuna swichi. Ukikaa, injini inajua kuna mtu. Ukinyanyuka visu vikiwa vinazunguka, injini inadhani umeanguka, inazima papo hapo visije vikakukata. Ni jambo la huruma, aliyelibuni Mungu ambariki. Lakini injini ikizima, ufunguo unabaki umewashwa. Taa za mbele zinaendelea kuwaka, na kuna kidude cha umeme upande wa mafuta kinaendelea kufyonza. Kisha ukikaa, inabidi uwashe upya, na kuwasha ndiko kunakokula betri kuliko kitu kingine chochote. Kabla injini haijairudishia betri kile ilichokula, anatokea mtu mwingine wa kusimamiwa.

Mimi nimelelewa, Mama. Mtu aliyenizidi umri akinikaribia, nasimama. Mama Mkwe akinikaribia, nasimama kabla hajakaribia. Aliyeunda kile kiti bila shaka ni mtu mwerevu sana, lakini ama hana wakwe, ama wakwe zake wanaishi mbali. Kwa vile siwezi kumwandikia yeye, nakuandikia wewe, na malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kwamba salamu zako ni ndefu. Wengine huitikia marahaba wakapita. Wewe ukishaitikia unaanza. Unaniuliza habari za nyumbani, nyumba ambayo umetoka kuipitia dakika hiyohiyo. Unaniuliza habari za watoto, ambao walilala kwako. Unauliza habari za mgongo wangu, kisha za mgongo wa binti yako, kisha unanipa habari za mgongo wako kabla sijauliza. Halafu, kwa kuwa wewe ni dereva, unauliza hali ya oili, mikanda na matairi, na muda huo wote taa zinawaka mchana kweupe zikimulika miguu yako, na mimi nimesimama kama mlingoti, nasikia betri ikinywewa.

2. Kwamba ukishaondoka, unarudi. Nikikuona umepiga hatua za kutosha nakaa, nawasha, injini inaitika, roho inatulia. Loo! Unageuka. Umekumbuka jambo. Nasimama, inazima. Jambo lenyewe ni kwamba niwasalimie watoto, wale wale waliolala kwako. Nakaa, nawasha. Unageuka tena, safari hii umesahau ulichokumbuka, lakini mimi nimeshasimama. Bwana Volti anasema kati ya wauaji wote wa betri aliowahi kuwapima, hajaona kama mtu anayerudi.

3. Kwamba hauko peke yako. Una marafiki zako wastaafu mnaokutana kila siku kunywa chai barazani kwa idara ya magari, ili kuwakagua madereva wa sasa na kuwasikitikia. Yupo mpishi mstaafu wa jiko la hospitali. Rafiki wa Mama Mkwe ni Mama Mkwe, hilo sina ubishi nalo, nasimama. Yupo mzee wa maabara aliyewahi kumpima damu Baba Mkwe, naye nikamhesabu upande wa Baba Mkwe, nasimama. Na yupo mkunga. Mkunga ni taabu, Mama. Kama rafiki yako, namsimamia. Lakini pia anadai mimi nilizaliwa mikononi mwake, kwa hiyo nasimama mara ya pili kama mwanawe, na katikati ya hizo mbili ananilazimisha nikae ili aone kama kweli nitainuka tena.

4. Kwamba nimejaribu kila dawa na sikupona. Nilianza kwa kunyanyuka nusu, makalio yakielea juu ya kiti kidogo tu, nusu heshima, nusu kazi. Injini ikapata kwikwi. Mimi nikakamatwa na mshipa wa paja, nikapiga kelele katikati ya shikamoo, na mzee wa maabara hajanisamehe mpaka leo kwa namna nilivyomwamkia.

Nikaacha hilo, nikatafuta mfuko wa mchanga. Nia yangu ilikuwa nikisimama, mfuko nauweka kitini haraka, swichi inadhani mimi bado nipo. Mama, swichi ilidhani hivyo vizuri mno. Niliposimama, mguu ulitoka kwenye pedali, gia ikashika, mashine ikaondoka na mfuko. Mimi nimebaki nyasini nimekunja mikono, nakwambia za nyumbani ni nzuri, na nyuma ya mgongo wako mfuko wa mchanga unakata nyasi. Ukavuka bustani ya mbele, ukapita kati ya watu wa kliniki ya macho ambao baadhi walidhani dawa imeanza kuwavuruga, ukaingia kwenye kamba za nguo na kutokea upande wa pili umevaa shuka. Nilikimbia nikaukamata mlangoni kwa chumba cha maiti, na mhudumu wa mle ndani, aliyeona kitu cheupe kinamjia juu ya usukani, ameomba uhamisho. Kilichoniuma zaidi ni Katibu. Alikuwa dirishani. Aliniambia baadaye kwamba mstari ule ndio ulionyooka kuliko yote niliyokata mwaka huu.

5. Kwamba nilipojificha, ulinitafuta. Nilikuwa nikikuona unatokea kwenye uzio, nageuza usukani na kuzunguka jengo la kufulia. Wewe kwa ujuzi wako wa barabara ukakata njia ya jikoni, tukakutana uso kwa uso. Ulimwambia binti yako kwamba mume wake anakukwepa, na ana lake jambo. Binti yako hakunisemesha siku hiyo. Alizungumza na sufuria, kwa sauti kubwa, kuhusu wanaume wanaowakimbia wazazi wa watu.

6. Hili la sita nilitaka nilinyamazie. Nimesikia, Mama, kwamba kule kwenye chai umekuwa ukiwasimulia wenzako kwamba mkweo hajui kuendesha. Kwamba kila akikuona anazima. Kwamba wewe, uliyepeleka wazazi wodini kwenye mvua na matope bila gari kuzima hata mara moja, umejaliwa mkwe anayezima kwenye nyasi kavu, tena tambarare. Na wenzako wakacheka hadi mkunga akamwaga chai. Jamani! Hilo lilinichoma. Kila nilipozima nilizima kwa ajili yako. Hakuna dereva katika hospitali hii aliyekuzimia mara nyingi kama mimi.

Baada ya malalamiko hayo, na kwa kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, naleta maombi yangu, nikianzia lile dogo.

Ninaomba uwe unapita geti la nyuma. Najua kwamba geti la nyuma lina mbwa. Mbwa nimezungumza naye.

Ikiwa geti halikufai, basi tusalimiane kwa vyombo. Nitapiga honi mara moja, hiyo ni shikamoo. Utainua mwavuli, hiyo ni marahaba. Ukitaka kuuliza habari za nyumbani, uufungue mwavuli. Nami nikiwasha taa za mbele mara moja, wote wazima, mara mbili, mdogo ana mafua. Habari za mgongo tuziache kwanza mpaka tuzoee.

Ikiwa hilo nalo ni utovu wa adabu, na naogopa ni utovu, basi naomba kwa unyenyekevu nisiwe mkweo kuanzia kengele ya kuingia kazini hadi kengele ya kutoka. Kengele ya kutoka ikilia tu, nitakuwa mkweo tena, na nitakuja hadi kwako kusimama kwa muda wote uliolimbikizwa kutwa. Binti yako nimemuuliza kama ndoa yetu inaweza kusimama mchana na kuendelea jioni. Alinipa kikapu, akanituma dukani.

Na ikiwa ukwe hauwezi kuwekwa chini hata kwa saa za kazi, basi limebaki ombi moja ambalo nimelitafakari sana na ninaona ndilo lenye busara kuliko yote. Unitangaze kuwa mjomba wako. Nikiwa mjomba wako, mimi ndiye mkubwa, na wewe ndiye utakayeniamkia, nami nitaitikia marahaba nikiwa nimekaa kabisa, mgongo umeegemea. Nimelipima jambo hili kila upande. Mjomba wa mama ni babu wa binti. Kwa hiyo nitakuwa babu wa mke wangu, na babu, kama ujuavyo, humwita mjukuu wake mke wangu tangu akiwa kwenye nepi, wala hakuna anayeshangaa. Nyumbani basi hakitabadilika kitu. Watoto wangu watakuwa vitukuu vyangu, na kitukuu humtii babu kuliko mtoto anavyomtii baba, kwa hiyo hapo nitapata faida. Baba Mkwe atakuwa amemwoa mpwa wangu, na itabidi awe anasimama nikipita. Lakini yeye hana mashine. Kusimama hakumpunguzii kitu.

Wahenga walisema heshima si utumwa, na mimi nakubaliana nao kabisa. Ila wahenga walikuwa wanatembea kwa miguu.

Nakusihi unijibu kabla ya Jumatatu. Wakaguzi wanakuja na Katibu atakuwa nao, mbele ya ile bustani ya mbele, na wewe huwa unapita saa hiyohiyo. Nisimame nipoteze kiti, au nikae nipoteze adabu? Nimeshindwa kuamua, Mama, ndiyo maana nimekuandikia wewe uamue, kama unavyotuamulia mambo mengine yote.

Nifikishie salamu kwa Baba Mkwe, na umwambie aandae magoti kwa lolote litakaloamuliwa. Msalimie shemeji, yule mkubwa, na yule mdogo ambaye huwa hasalimiki kwa kuwa hatoki bafuni. Wasalimie mpishi, mzee wa maabara, na mkunga mara mbili. Wasalimie majirani wa kulia, na wa kushoto pia ikiwa mmepatana. Watoto nao wasalimie, kwa kuwa leo pia wamelala kwako.

Ni mimi mkweo, aliyekaa kwa mwili na kusimama kwa moyo,

Mkata Nyasi wa Hospitali.

Tanbihi. Mama, barua hii sikuthubutu kukuletea mapema, nikakusudia kukupa Jumatatu asubuhi yenyewe, mkononi, nikiwa nimekaa, ili uone kwa macho yako kwamba sina dharau. Naongezea maneno haya nikiwa wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, ambako uliniweka wewe.

Nadhani unakumbuka yote, lakini acha nieleze upande wangu. Wakaguzi walikuwa wanashuka garini, Katibu yuko pembeni yao anatabasamu kwa meno ya chini, na wewe ukatokea kwenye uzio. Nikashika usukani kwa mikono miwili. Nikajiambia leo sisimami. Ukaja, ukasimama, nikasema shikamoo nikiwa nimekaa. Hukuitikia. Ulinitazama, ukanishika paji la uso, ukanifunua jicho, ukaniambia nitoe ulimi. Nikajaribu kutoa barua, nikatoa ulimi. Ukageuka ukawapigia kelele wapagazi kwamba mkweo amepooza kuanzia kiunoni, hawezi kusimama, mtu gani mzima angekaa mbele ya mama mkwe wake kama si kiharusi! Na wapagazi, kwa vile walikuwa wameshakuja na machela kwa ajili ya mashine, walinichukua mimi. Nilipiga mateke kuonyesha kwamba miguu ni mizima, ukasema ni degedege.

Nikiwa nachukuliwa niligeuza shingo, na ndipo nilipokuona unapanda kitini. Baadaye uliniambia ulitaka tu kuisogeza isizibe njia ya wageni. Basi uliisogeza, Mama. Uliisogeza bustani nzima ya mbele, ukaisogeza upande wa kliniki ya macho, ukaisogeza kuzunguka maabara. Mzee wa maabara akapita akakuamkia, ukaitikia umekaa. Mpishi akapita, ukaitikia umekaa. Mkunga akaja na vituko vyake, akaambiwa apishe njia. Mkaguzi mkuu mwenyewe, mwenye mvi, alikuja na makabrasha yake, akakusogelea, akakuamkia, na wewe ukamwitikia marahaba mwanangu bila kupunguza mwendo. Kwa sababu unamsimamia nani wewe? Katika hospitali hii yote hakuna aliyekuzidi umri isipokuwa jengo la mapokezi. Kengele ya kutoka ilipolia, Bwana Volti aliipima betri na mita mbele ya watu, akatangaza kwamba imejaa hadi inataka kumwagika, na kwamba hivi ndivyo alivyosema tangu siku ya kwanza.

Katibu alikuja mwenyewe hadi kitandani kunipa habari. Mashine haiendi popote. Wakaguzi wameipenda. Ila kuanzia kesho ni yako, kwa mkataba, na mimi nimepewa zile kona ambazo mashine haifiki. Fyekeo wameshalitoa ukutani, wamelinoa, liko chini ya kitanda changu karibu na ndara.

Nilitaka kukasirika, Mama, wallahi nilitaka. Lakini ulipokuja kuniona jioni ulikuwa na nyasi kichwani na unacheka kama msichana, na binti yako alisema hajakuona hivyo tangu wakunyang'anye lile gari. Ukaniambia kwamba uliponyanyuka kuchungulia visu, injini ilizima, ukakaa pale ukafikiri. Halafu ukageuka ukaiambia wodi nzima, na wale walioletewa dawa za usingizi wakaamshwa wasikie, kwamba umewakosea watu kwa maneno yako kwenye chai, kwamba mkwe wako si dereva mbaya, ni mtoto aliyelelewa. Nilivuta shuka nikajifunika uso. Nilikuwa nimeshasimama kukuamkia, na sikutaka wagonjwa wenzangu waone ninavyolia nikiwa wima.

Kwa hiyo naomba malalamiko namba moja hadi sita uyachukulie kama hayajaandikwa. Usipite geti la nyuma, mbwa nilimdanganya. Ujomba nimeuacha. Baba Mkwe aendelee kukaa. Mimi ni mkweo asubuhi, mchana na jioni, na kwenye kona zako zote nitasimama, kwani mtu mwenye fyekeo amesimama tayari.

Nimebakiwa na ombi moja tu, nalo ni dogo. Jumapili, siku ambayo hakuna kazi na hakuna anayepita, uniruhusu niingie bandani nikikalie kile kiti kidogo. Sitaiwasha. Ufunguo baki nao wewe.